Gari Linalozeeka Likiwa Limesimama

Gari la kifahari la paa la kukunja huzeeka kwa njia mbili. Kilomita hula pistoni, breki, gia na tairi. Miaka hukausha mpira, huharibu mafuta, huachanisha gundi na huotesha kutu kwenye viungo vya umeme. Gari la kila siku hupatwa na yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo ratiba ya sevisi inayofuata kilomita hulitosha. Gari linalotolewa bandani mara chache kwa mwaka lina hali nyingine. Mita yake inaweza kusoma kilomita 45,000 baada ya miaka 25, injini ikawa bado nzima kabisa, ilhali mipira ya redieta, sili za haidroliki na tairi zimeshamaliza umri wake. Matunzo ya gari la namna hiyo hupangwa kwanza kwa kalenda, kisha kwa kilomita.

Jambo hili ni rahisi kusahaulika, kwa sababu namba ndogo kwenye mita huvutia macho. Katika yadi za magari yaliyotumika za Mombasa na Dar es Salaam, ambako magari mengi hutoka Japani, kilomita chache huhesabiwa kuwa sifa, na kweli ni sifa kwa injini na giaboksi. Lakini mpira hauhesabu kilomita. Hozi iliyofungwa kiwandani mwaka 1998 ina umri uleule, iwe gari limevuka nchi nzima au limelala chini ya turubai.

Mfano utakaofuatwa katika sura hii ni Mercedes-Benz SL ya kizazi cha R129. Gari hili lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1989, na likaundwa Bremen, Ujerumani, hadi mwaka 2001. Yalitoka zaidi ya magari 200,000, na mengi yalitumika kama gari la pili la nyumbani, la kutembelea siku za jua. Paa lake la turubai hujifungua na kujifunga kwa haidroliki kwa takriban nusu dakika, na nyuma ya viti mna nguzo ya usalama inayoinuka yenyewe kwa takriban sekunde 0.3 gari linapoelekea kupinduka. Ni gari lililoundwa kwa uangalifu mkubwa, lakini lina mpira mwingi, waya nyingi na mafuta ya aina nyingi, yaani vitu vilevile vinavyoharibiwa na wakati.

Kuanza na kumbukumbu

Mpango mzuri huanza mezani kabla gari halijapandishwa jeki. Kitabu cha sevisi, risiti za spea na karatasi za ukaguzi hukusanywa, kisha huandikwa orodha yenye safu tatu: kitu chenyewe, tarehe kilipobadilishwa mara ya mwisho, na tarehe kitakapobadilishwa tena. Kanuni ni moja: kazi isiyo na ushahidi huhesabiwa kuwa haikufanyika. Kauli ya muuzaji kwamba mafuta ya breki "yalibadilishwa juzijuzi" haijazi safu ya pili.

Mihuri ya kitabu husomwa kwa makini. Mihuri iliyopishana kilomita 15,000 huonyesha gari lililosevisiwa kwa kilomita. Ikiwa kati ya mihuri miwili ipo miaka 5, basi oili ilikaa ndani ya injini miaka 5 hata kama gari lilitembea kidogo. Pengo kama hilo ndilo huonyesha pa kuanzia.

Hatua ya pili ni kujua maradhi ya ukoo ya modeli yenyewe. Katika R129 za miaka ya kati ya 1990, maganda ya waya za injini yalitengenezwa kwa plastiki isiyostahimili joto. Hukakamaa, hupasuka na kupukutika, waya zikagusana. Jaguar XK8, iliyotoka mwaka 1996, ilianza na vikaza cheni vya plastiki ndani ya injini yake ya V8, na plastiki hiyo hupata nyufa. Ferrari F355 hutumia mikanda ya taiming inayobadilishwa kwa kuhesabu miaka, na ili kuifikia, injini yote hushushwa. Lexus SC 430 nayo ina mkanda wa taiming, ilhali injini za R129 zote zina cheni. Anayeandaa mpango bila kujua tofauti hizi anaweza kutumia fedha nyingi pasipo haja, na kuacha palipo na hatari.

Vimiminika

Oili ya injini hubadilishwa kila mwaka hata kama gari limetembea kilomita 800 tu. Sababu ni maji. Petroli inapoungua hutoa mvuke, na sehemu ya mvuke huo hupenya hadi kwenye oili. Safari ndefu huipasha oili moto wa kutosha na kuyakausha maji hayo. Safari ya kwenda dukani na kurudi huyaacha humo, yakachanganyika na mabaki ya mwako na kuwa asidi inayokula vyuma. Injini ya V8 iliyowekwa kwenye R129 ya toleo la SL 500 kuanzia mwaka 1998 hubeba takriban lita 8 za oili, na ina plagi 16, mbili kwa kila silinda. Ukubwa huo huwapa baadhi ya wenye magari kisingizio cha kuahirisha, lakini gharama ya lita 8 ni ndogo sana kuliko ya kufungua injini.

Mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kupitia hozi na vifuniko, gari likiwa barabarani au likiwa bandani. Kiwango cha DOT 4 kinadai mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji kwa asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusu yachemke kwenye nyuzi 155. Katika mteremko mrefu, mafuta yaliyochemka hutoa mapovu, na kanyagio la breki huzama hadi chini bila gari kusimama. Unyevu huohuo hutia kutu pistoni za breki, na gari linalokaa sana hupata breki zinazonata gurudumu moja moja.

Kulanti hulinda redieta na injini kwa dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo huisha nguvu kwa miaka. Muda wa kuibadilisha hufuata aina iliyomo, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na aina mbili hazichanganywi kwa kubahatisha rangi. Kulanti isiyojulikana umri wake humwagwa yote, mfumo husafishwa kwa maji safi, kisha aina moja iliyoidhinishwa hujazwa na tarehe huandikwa.

Giaboksi huhitaji maelezo zaidi. Gia otomatiki ya kasi tano iliyoingia katika R129 miaka ya kati ya 1990 ilitoka kiwandani na madai kwamba mafuta yake ni ya maisha yote, na hata kijiti cha kupimia hakikuwekwa: lipo bomba lililofungwa kwa kifuniko na pini nyekundu. Baadaye kiwanda chenyewe kilipendekeza mafuta hayo yabadilishwe kwenye kilomita 60,000. Gari la kilomita 45,000 lenye miaka 25 halijafika hapo, lakini mafuta yake ni ya zamani, na kuyabadilisha pamoja na filta ni busara. Fundi aliyezoea kazi hiyo huvunja pini, huingiza kijiti maalumu cha karakana, na kupima mafuta yakiwa na joto la takriban nyuzi 80, kwa sababu kipimo cha mafuta baridi hudanganya. Wakati huohuo hukagua plagi ya umeme inayoingia ubavuni mwa giaboksi. Pete zake ndogo za mpira hukauka, na mafuta huanza kupanda taratibu ndani ya waya hadi kwenye kompyuta ya gia. Pete hizo ni za bei ndogo, lakini kompyuta si ya bei ndogo.

Mafuta ya usukani na ya difu hukaguliwa kwa wakati mmoja na ya giaboksi. Petroli nayo ni kimiminika kinachozeeka: sehemu zake nyepesi hupotea, na yenye ethanoli huvuta unyevu. Gari litakalosimama miezi kadhaa huachwa na tangi lililojaa, ili nafasi ya hewa yenye unyevu iwe ndogo, na linaporudi barabarani huongezwa petroli mpya mapema.

Mpira wote

Tairi ndizo za kwanza. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, zipo namba nne za mwisho: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Meno marefu kwenye tairi ya mwaka 2009 hayasemi chochote kuhusu usalama wake, kwa sababu mpira umeshakuwa mgumu na nyuzi za ndani zimechoka. Tairi yenye miaka 5 hukaguliwa kila mwaka kutafuta nyufa, na yenye miaka 10 huondolewa hata ikiwa haijawahi kukanyaga kokoto. Spea iliyolala kwenye buti tangu gari lilipotoka kiwandani huhesabiwa vivyo hivyo, nayo ndiyo husahauliwa zaidi.

Baada ya tairi hufuata mipira ya petroli, ambayo ikipasuka humwaga mafuta juu ya injini ya moto. Hukaguliwa kwa macho, kwa kidole na kwa pua: mpira uliojaa nyufa ndogo unapokunjwa, uliovimba mwishoni penye klipu, au unaotoa harufu ya petroli, hubadilishwa bila kusubiri. Mipira ya redieta hubonyezwa injini ikiwa baridi. Iliyo laini kupita kiasi au iliyokakamaa kama kuni imekwisha. Hozi za breki hutazamwa pale zinapopinda. Mkanda wa feni na alteneta hugeuzwa ili upande wa mifereji uonekane. Bushi za miguu, mipira inayobeba injini na giaboksi, na diski za mpira zinazounganisha propela shafti hukaguliwa gari likiwa juu. Bushi iliyokufa huonekana barabarani kama gari linalotangatanga, na wenye gari huweza kulaumu tairi au usukani kwa miaka bila kugundua.

Paa

Paa ndilo linalolitofautisha gari hili na mengine, na ndilo hudai uangalifu mkubwa kuliko vyote. Swichi inapobonyezwa, vioo vya mlango hushuka, upinde wa nyuma wa paa huinuka, kifuniko cha sanduku la paa hufunguka, paa hujikunja na kulala ndani, kisha kifuniko hufunga. Kila hatua husubiri ishara ya swichi ndogo inayothibitisha kwamba hatua iliyotangulia imekamilika. Swichi moja ikishindwa, kazi yote husimama, mara nyingine paa likiwa nusu angani.

Nguvu ya kufanya haya hutoka kwenye pampu iliyo ndani ya buti, inayosukuma mafuta hadi kwenye silinda ndogo zaidi ya 10 zilizotawanyika mwilini mwa gari. Ndani ya kila silinda mna sili, na sili za asili za R129 hulainika kwa miaka mpaka zikawa kama jemu. Dalili ya kwanza huonekana juu ya kioo cha mbele, kwenye silinda zinazofunga paa kwenye fremu. Asubuhi moja huonekana tone la mafuta kwenye kitambaa karibu na kioo cha kutazamia nyuma, au doa kwenye ngozi ya kiti. Baadaye paa huanza kwenda polepole na kwa kustuka, kwa sababu mafuta yamepungua na pampu inavuta hewa. Anayeendelea kubonyeza swichi ya paa katika hali hiyo huiua pampu yenyewe.

Tiba ni kuzitoa silinda na kuzifunga sili mpya za mpira bora, kazi inayofanywa na mafundi waliobobea. Kwa kuwa silinda zote zina umri mmoja, moja ikianza kuvuja nyingine zimo njiani. Kuzishughulikia zote kwa pamoja hupunguza gharama ya kufungua na kufunga trimu za ndani mara nyingi. Kimo cha mafuta hupimwa kila mwaka kwa utaratibu wa kitabu cha gari, na hujazwa mafuta ya haidroliki yaliyoidhinishwa tu. Mafuta ya breki hayatiwi humo hata kidogo, kwa kuwa huvimbisha na kuharibu sili.

Matumizi yenyewe ni sehemu ya matunzo. Paa hufunguliwa na kufungwa mara moja kwa mwezi ili sili zibaki na mafuta na viungo visikwame. Halikunjwi likiwa limelowa, kwa sababu ukungu huota kwenye mikunjo. Halikunjwi pia wakati wa baridi kali, kwa sababu dirisha la nyuma la plastiki hukakamaa na kuvunjika. Dirisha hilo humwagiwa maji mengi kwanza ili vumbi liondoke, ndipo hufutwa kwa kitambaa laini. Kulifuta kavu ni kulikwaruza. Turubai huoshwa kwa maji na brashi laini, na hupakwa dawa ya kuzuia maji linapoacha kuyatiririsha. Mpira wa milango na madirisha hupakwa mafuta ya silikoni mara mbili kwa mwaka. Grisi ya kawaida huufanya uvimbe.

Mifereji ya maji husahauliwa mara nyingi. Kikombe cha maji kikimwagwa taratibu kwenye mfereji wa paa, maji yaonekane yakidondoka chini ya gari. Yasipoonekana, yamebaki ndani, yakilowesha zulia na kompyuta zilizo chini yake.

R129 ilikuja pia na paa gumu la aluminiamu linalobebwa na watu wawili. Baadhi ya magari yalifungwa paa hilo na kuachwa hivyo miaka mingi. Hapo kilomita chache huficha paa la turubai ambalo halikuwahi kusogea: mikunjo imekuwa nyufa, dirisha limegandana na sili zimekauka. Paa kama hilo hukunjuliwa mara ya kwanza siku ya joto, likisaidiwa kwa mikono, hatua kwa hatua, baada ya mafuta kukaguliwa. Nguzo ya usalama nayo huinuliwa na kushushwa kwa swichi yake mara kadhaa kwa mwaka, ili siku ya ajali isiwe siku yake ya kwanza kusogea.

Umeme

Saa, king'ora na kompyuta hunywa umeme gari likiwa limezimwa. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.4 na kuachwa hivyo, madini magumu hujijenga kwenye sahani zake na uwezo wake hupotea kabisa. Umeme hafifu pia huzusha hitilafu za uongo: taa za onyo huwaka, paa hugoma, gia husitasita. Ndiyo maana betri hupimwa kabla ya kompyuta yoyote kubadilishwa. Chaja ndogo inayojizima yenyewe, ikiachwa imeunganishwa, hulipa gharama yake haraka.

Mara moja kwa mwaka fyuzi hutolewa na kurudishwa ili kukwangua kutu nyepesi, na nyaya za ardhi zinazounganisha betri, injini na bodi husafishwa. Senza ya krankishafti kwenye injini za V8 za kizazi hiki huwa na tabia ya kufa ikiwa ya moto, injini ikazima na kukataa kuwaka hadi ipoe. Senza hiyo ni ndogo na rahisi kufungwa, na kuibadilisha mapema ni nafuu kuliko kuvutwa barabarani.

Kuliendesha na kulilaza

Kuliwasha gari bandani dakika 5 kisha kulizima ni madhara matupu: injini hupata maji bila joto la kuyakausha. Safari ya dakika 40 kila wiki mbili au tatu hufanya kazi nyingi kwa mara moja. Oili hupata moto, breki hujikwangua kutu, betri hujaa, tairi hurudi umbo, na kompresa ya hewa baridi, ambayo huwashwa hata siku isiyo ya joto, hulainisha sili zake yenyewe.

Ujerumani, ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi, sheria huruhusu gari kusajiliwa kwa miezi fulani ya mwaka tu, na wenye magari ya namna hii huyalaza hadi chumvi iondoke. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki chumvi huja na upepo wa bahari mwaka mzima, pamoja na unyevu, kwa hiyo kuosha sehemu ya chini na kupitisha hewa bandani ni lazima. Gari hufunikwa likiwa kavu, kwa kitambaa kinachopumua. Nailoni huhifadhi jasho. Upepo wa tairi huongezwa kidogo, breki ya mkono huachwa bila kuvutwa na vigingi huwekwa kwenye magurudumu, na panya huzuiwa, kwani hupenda kulala kwenye joto la injini na kutafuna waya.

Ratiba

- *Kila mwezi:* safari ndefu mara moja au mbili; paa kufunguliwa na kufungwa; upepo wa tairi; volti za betri; sakafu ya banda kutazamwa kama ina matone.
- *Kila mwaka:* oili na filta yake. Mafuta ya haidroliki ya paa. Mifereji ya maji. Mipira yote, bushi na mkanda. Fyuzi na nyaya za ardhi. Mpira wa milango kupakwa silikoni mara mbili.
- *Kila miaka 2:* mafuta ya breki. Filta ya hewa na ya ndani. Pistoni za breki kusukumwa na kusafishwa.
- *Kila miaka 5:* filta ya petroli; mafuta ya usukani; mafuta ya giaboksi na difu kama kilomita hazijafika kwanza; plagi kutolewa na kukaguliwa; ukaguzi wa waya za injini.
- *Kila miaka 10:* tairi zote pamoja na spea. Hozi za breki, za petroli na za redieta. Sili za paa kama hazijawahi kubadilishwa.

Muda uliomo kwenye kitabu cha gari ukiwa mfupi kuliko huu, ndio unaofuatwa.

Gari lililonunuliwa bila kumbukumbu huwa limepitwa na karibu yote haya kwa pamoja, na si kila mtu ana fedha za kuyafanya kwa mkupuo. Kazi hupangwa kwa uzito wa madhara yake. Kwanza ni vinavyoweza kuua: tairi, breki, usukani na mipira ya petroli, na gari haliondoki kabla ya hivyo kukamilika. Pili ni vinavyoweza kuiharibu injini au giaboksi: oili, kulanti, mkanda, mipira ya redieta. Tatu ni paa na umeme. Rangi, ngozi na nikeli huja mwisho, ingawa ndizo huonekana kwanza na ndizo hushawishi mfuko.

Kila kazi ikikamilika, gari huendeshwa takriban kilomita 100 na kukaguliwa upya likiwa bado na joto, kwa sababu sili na hozi zilizoguswa baada ya miaka mingi huonyesha uvujaji wake barabarani baada ya kupata presha, si karakana. Kisha tarehe mpya huandikwa kwenye safu ya pili, na ya tatu hujazwa papo hapo, hata kama mita haijaongezeka kilomita 1,000 tangu mara ya mwisho.